Debe la Maji Kabla ya Mtaro

Mjukuu wangu anaanza masomo ya uhandisi mwezi ujao, na yeye na wenzake wamenitaka niwaandikie mawaidha. Wanataka kujua wanunue vifaa gani, hesabu zipi ngumu, walale saa ngapi. Hayo wawaulize walimu wao. Mimi ninalo neno moja tu, na nililipata juu ya paa la tembe huko Ikungi, kabla sijajua kwamba kuna kazi inayoitwa uhandisi.

Kila mwaka kabla ya mvua mama alipanda juu ya nyumba yetu kutengeneza paa. Paa la tembe ni la udongo, limelala karibu sawa na meza, na likikosewa kidogo maji yanatuama, udongo unaangukia vitandani. Mama hakuwa na kipimo. Alimwaga maji ya kibuyu, akachuchumaa, akayatazama. Mimi nilitaka tumalize tushuke. "Subiri," alikuwa akiniambia kwa Kinyaturu, "bado hayajaamua." Yakishapata njia yake, ndipo alipoweka udongo. Natamani nichuchumae naye tena hata mara moja, jua la Oktoba likituchoma mgongoni, wala nisimharakishe.

Siku niliyoondoka kwenda chuo kikuu Dar es Salaam alinisindikiza hadi barabarani, nilipopanda lori la Manyoni kuwahi treni. Wosia wake ulikuwa uleule: "Huko uendako, usiyatangulie maji." Nilicheka. Nilikuwa nimewashinda hesabu wavulana wote wa shule yetu, na kichwa kilikuwa kimevimba.

Niliporudi likizo ya mwaka wa pili, tembe letu halikuwepo. Watu walikuwa wamehamishiwa kijiji cha ujamaa kando ya barabara, nyumba zimepangwa mistari, na mama alikuwa amepewa kiwanja cha mwisho, upande wa bondeni. Alikuwa amejijengea kinyumba cha udongo na nyasi. Mwenyekiti wa kijiji alinipokea kwa furaha ambayo nikiikumbuka naona aibu. "Injinia wetu amekuja," aliwaambia watu. "Atatuonyesha mtaro wa mvua upite wapi."

Kazi hiyo niliifanya kwa mchana mmoja. Nilichora kwenye daftari, nikahesabu hatua, nikapigilia vigingi kwa mkono wangu, wanaume wakinifuata na majembe ya kusafishia njia. Mama akaja na debe la maji kichwani. Kisima kilikuwa mbali. Aliyetoka alfajiri alirudi jua limeshakuwa kali. Akasema kwa Kiswahili chake cha kujikaza, ili wote wasikie, "Mwanangu, tumwage kwanza, tuone."

Nikaona haya. Nusu ya wanaume wale walikuja kutazama kama msichana ataweza. "Mama, hayo ni maji ya kunywa," nikamwambia. "Hesabu imeshapigwa." Hakubishana. Aligeuka akarudi nyumbani na debe lake limejaa vilevile.

Nikarudi chuoni kabla hawajaanza kuchimba. Barua zake, ambazo mwalimu wa shule alimwandikia, zilisema mvua imenyesha vizuri, mbuzi wamezaa, nisome kwa bidii. Likizo iliyofuata nikaenda moja kwa moja kwenye kiwanja chake, nikakuta lundo la udongo na magugu. Mtaro wangu ulikuwa umekusanya maji ya kijiji kizima na kuyaleta ukutani kwake. Mama alikuwa akiishi kwa kaka yake.

Nilikwenda kwa mwenyekiti kukiri kosa. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, na kabla sijaendelea akanipa pole. "Mama yako mbishi sana," alisema. "Wewe vigingi uliviweka vizuri, yeye akavihamisha. Ametuambia mwenyewe." Nilikuwa na nafasi ya kusema. Nikasema, "Asante, mzee," nikaondoka.

Mama nilimkuta akipepeta mtama. Nilimuuliza kwa nini amejisingizia. "Nyumba nitajenga tena," alijibu, bila kusimamisha ungo. "Wewe wakikukataa mara moja, nani atakuita tena?"

Na kweli wameniita. Nimepima mabwawa na barabara katika mikoa mingi, na kila mahali nimemwaga maji kwanza na kuchuchumaa, vijana wakicheka pembeni. Kila mara namtafuta mtu wa kumwambia kwamba bado hayajaamua. Mama alifia kijijini kwao, na hadi siku ya mazishi yake wapo waliomtaja kama yule aliyeharibu mtaro. Nilikuwepo, nikasikia, nikanyamaza tena.

Basi wajukuu zangu, mwageni maji, msubiri. Na mkikosea, semeni siku hiyohiyo, wakati anayewabebea lawama yupo asikie. Mimi nasema leo, nikiwa nimechelewa mno. Vigingi vile havikuhamishwa na mtu yeyote. Nilivipigilia mimi, na nilipovipigilia ndipo vilipobaki.