Aliyetua Bila Mlio

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mama yangu alimpa mgeni wetu chumba changu, blanketi langu na mgebuka mnono kuliko samaki wote chunguni. Kisha padri akaja akampa ndege. Jembe nikabaki nalo mimi.

Ilikuwa miaka ile wakimbizi wa Burundi walipokuwa wakimiminika Kigoma, wengine kwa mitumbwi, wengine kwa miguu. Huyu aliingia kwa barabara ya Kidahwe, rika langu hasa, hana mtu. Mama akamchukua. Kiha chetu na Kirundi chao ni ndugu, basi ikawa "mwana wanje" asubuhi, yaani mwanangu, "mwana wanje" jioni. Mimi niliyetoka tumboni mwake aliniita kwa jina, tena kwa kufoka. Roho iliniuma, sifichi.

Padri huyo, mzungu wa misheni, alikuwa na ndege ya mabawa marefu, yenye injini ndogo ya kuipandishia tu. Ikishafika juu aliizima injini na kuizamisha mgongoni mwa ndege, ndege ikaelea kimya kama mwewe. Akitaka, anaichomoza na kuiwasha tena. Gurudumu lake kubwa lilikuwa moja, kwa hiyo ikitua lazima mtu akimbie akashike ncha ya bawa lisilale chini. Mtu huyo nilikuwa mimi, zamani kabla mgeni hajaijua Kigoma. Siku moja nikamleta uwanjani anisaidie kufukuza mbuzi. Padri akamtazama, akasema, "Huyu ana utulivu." Na mimi je? Mimi nilikuwa na mbio. Loo, nilimpeleka kwa mkono wangu mwenyewe!

Akafundishwa. Masomo yote niliyasikia nimeshika bawa. "Chagua pa kutua ukiwa bado juu," padri alikuwa akisema. "Injini ikikataa kuwaka, achana nayo. Usiibembeleze mpaka ardhi ikukute." Niliyahifadhi yote. Hakuna aliyeniuliza.

Siku aliyoruka peke yake, mama alijifunga kitenge kipya akaja na chupa ya chai. Kwa ajili yangu hakuwahi kuja uwanjani hata na kikombe cha maji. Padri akamwonya yule asivuke Mwandiga, upande wa Burundi. Akapaa, mlio ukafifia, ukazimika.

Sasa, pale uwanjani tulikuwa na desturi yetu. Ndege za misaada zilitanguliwa na mlio, na mlio ukisikika ndipo tunakimbia kuondoa mifugo njiani. Hakuna aliyeiondoa mapema, maana mbuzi ukimfukuza anarudi, unajichosha bure. Kwa hiyo wote walikaa wametega masikio. Hata padri aliamini kwamba kijana atawasha injini kabla ya kurudi. Mbuzi na ng'ombe wakala majani yao katikati ya njia, raha mustarehe.

Mimi sikutega sikio, nilikodoa macho. Mwenye wivu hasinzii, jamani. Nilitaka kuona atakapokosea, niwe wa kwanza kumwambia mama. Akakawia. Mama akaanza kusali, chai ikapoa. Kuniombea mimi hivyo, sikumbuki lini.

Ndipo nikamwona, upande wa Ujiji, chini mno. Injini ilikuwa imechomoza mgongoni mwa ndege na pangaboi halizunguki. Imekataa. Alikuwa anatua, na hakuwa na namna ya kupanda tena. Mbele yake ng'ombe wametulia wanacheua.

"Mifugo! Ondoeni mifugo, anakuja!" Nilipiga yowe nikatimua mbio. Matusi niliyowatukana wale ng'ombe, mbele ya padri, Mungu anisamehe. Wenzangu wakanifuata na fimbo. Beberu mmoja akagoma kabisa, nikamkamata pembe nikamburuta, na kivuli cha bawa kikatupitia wote wawili.

Alitua vizuri, mshenzi yule. Mabawa sawasawa, gurudumu likagusa, likadunda kidogo, likatulia. Nikageuza mbio nyingine nikadaka ncha ya bawa kabla halijalala.

"Ona anavyompenda mwenzake!" mwanamke mmoja alisema. Upendo! Nilitaka kucheka, pumzi sina.

Mama akanipita mbio, akamvuta kijana akamkumbatia. "Mwana wanje, mwana wanje!" Mimi niko kule mwisho wa bawa, siwezi kuliachia. Nikaita, "Mama, na mimi nipo hapa." Hakusikia.

Padri alikuwa amewaka. "Ulikwenda wapi?"

"Nilivuka Mwandiga, Padri. Nisamehe. Milima ya kwetu ilionekana, nikasogea nione vizuri. Niliporudi nikajaribu injini, ikakataa. Nikaiacha, kama ulivyosema."

Kisha akajitoa mikononi mwa mama, akatembea kandokando ya bawa mpaka niliposimama. Akalishika karibu na mkono wangu.

"Nenda kwa mama, ndugu yangu," akasema. "Mimi wa kwangu nimeuona mlima alikozikwa."

Miezi yote ile alikula kwetu, na mimi sikuwahi kumuuliza habari za mama yake. Nikamwachia bawa. Mama akanikumbatia kwa nguvu, ila macho yake yalipita begani kwangu, yakabaki kwa yule aliyeshika bawa. Roho iliniuma vilevile. Nikasogeza kichwa ili amwone vizuri.