Watu Wanne kwa Mstari

Kompyuta aliileta mjomba kutoka Bahareni, katikati ya miaka ya themanini. Tuliiunga na televisheni ya sebuleni, nyumbani Malindi, na mimi, msichana wa miaka kumi na minane, nikaipenda kupita kiasi. Hata sasa nakumbuka joto lake chini ya viganja vyangu, na moyo wanisononeka.

Nilichokipenda zaidi ni zile picha ndogo zinazotembea, spraiti. Unachora kwenye daftari la hesabu, miraba kumi na sita kwa kumi na sita: mraba uliojaa ni moja, mtupu ni sifuri. Chipu ya picha huiweka spraiti kando na mandhari. Ukitaka isogee, unaiambia tu isimame wapi. Nyumba na miti iliyo nyuma yake haiguswi. Nilikuwa nikicheka peke yangu.

Nilitaka kwenda Mombasa kusomea kompyuta. Baba alishasema hampeleki binti yake mbali kwa ajili ya michezo ya televisheni, ila alikubali kuitazama mara moja. Nikachora sisi sote mlangoni asubuhi ya Idi, vile alivyozoea kutupanga kabla ya kwenda Mambrui kumpa bibi mkono: baba, mama, kaka zangu wawili, na mimi kitinda mimba. Kila spraiti ina nambari yake, na kwa adabu nilianza na baba.

Baba akavaa miwani, akahesabu kwa kidole.

"Mbona wewe humo?"

Nilitahayari. Jambo lile nililisoma kitabuni, nikalisahau kwa pupa. Nikamweleza kwamba chipu huonyesha spraiti nne tu kwenye mstari mmoja, kama sinia ya pilau ya watu wanne. Wa tano, mwenye nambari ya mwisho, hukaa ndani asionekane.

"Naweza kumshusha mmoja chini kidogo, baba, sote tuonekane."

"Siku ya Idi hatusimami kombo."

Akahesabu tena kwa kidole. Machozi yalinilengalenga, niliona safari imekufa.

"Chukua nambari yangu," akasema. "Mimi nipe hiyo ya mwisho."

"Utapotea wewe, baba."

"Mimi najijua nipo. Wewe ndiwe nataka uonekane." Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya kikoi. "Hayo masomo ya Mombasa yaanza lini?"