Mlango wa Nyuma wa Kushoto

Gari lilikuwa na siku tatu tu nyumbani Bunloet alipouona ule mlango. Alikuwa ameinama anafuta tope kwenye ringi, na aliponyanyuka, jua la saa mbili asubuhi lilikuwa limelala ubavuni mwa gari. Milango mingine mitatu ilikuwa nyeupe ya lulu, nzito kidogo, kama tui la kwanza. Mlango wa nyuma wa kushoto ulikuwa tui la pili. Mweupe, ndiyo, lakini chini ya weupe wake kulikuwa na ubuluu, kana kwamba mtu ameutia maji.

Alifumba macho akahesabu hadi kumi, akafumbua. Mlango ulikuwa vilevile.

"Amphai! Hebu njoo mara moja."

Mkewe alitoka jikoni, vidole vikiwa vimegandwa na wali wa kunata.

"Huu mlango unauonaje?"

"Naona mlango."

"Rangi yake."

"Nyeupe." Amphai alimtazama mumewe, akautazama mlango, akamtazama tena mumewe. "Wenzako wananunua gari wapande. Wewe umenunua la kukodolea macho."

Akarudi jikoni. Bunloet alibaki amesimama na kitambaa mkononi mpaka maji ya kitambaa yakamchuruzika hadi kiwikoni.

Mtu mwingine angesema ni jambo dogo. Lakini Bunloet alikuwa mchanganya rangi. Alifika kwenye gereji ya Dada Ngek, hapo mjini Lampang, akiwa na miaka kumi na saba, akaanza kwa kupiga msasa magari ya abiria yenye mabenchi. Sasa alikuwa na hamsini na mbili. Watu walitoka hata mikoa ya jirani wakimletea kifuniko cha tangi la mafuta kimefungwa kwenye gazeti, aifananishe rangi yake. Aliishika nyumba ya rangi, chumba cha kuchanganyia, zaidi ya miaka thelathini bila mashine yoyote ya kusoma rangi: mizani, makopo, na macho yake mawili. Hakuwa msemaji. Kwenye harusi alikaa karibu na mlango ili aondoke bila kuaga. Lakini gari lililogongwa likitoka mikononi mwake, hata aliyeligonga hakujua tena aligonga wapi.

Kisha, mwanzoni mwa mvua za mwaka huo, alichanganya rangi ya fedha ya pikapu ya mwalimu mmoja, ikatoka nzito. Mwalimu hakuona. Dada Ngek aliona. Alisimama mbele ya fenda iliyopakwa muda mrefu kuliko kawaida, akaenda zake kunywa chai. Bunloet hakulala vizuri wiki nzima. Alijua habari za wazee wa kazi hii: jicho huanza kuona kila kitu kupitia ukungu wa manjano, na mwenyewe ndiye wa mwisho kujua.

Kwa hiyo mlango ule haukuwa mlango tu. Ama kiwanda kimekosea, ama jicho lake limekwisha. Hakukuwa na la tatu. Na kama jicho limekwisha, kazi imekwisha, na yeye kazi nyingine haijui.

Tangu siku hiyo hakutulia. Asubuhi aligeuza gari lielekee mashariki, mchana akaligeuza lielekee magharibi. Alilitazama kwa pembe ya jicho, alilitazama akiwa amechuchumaa, alilitazama kwenye kivuli cha ukuta wa hekalu walikolipeleka kubarikiwa. Aling'oa mpira wa mlango atafute alama za gundi ya karatasi ya kukingia rangi, kama mlango ulipakwa baadaye. Hakuna alama. Majirani wakaanza.

"Kaka Loet, leo gari limeamkaje?" aliuliza muuza soseji wa mtaa wa pili. "Limekula?"

Siku ya tisa alikwenda duka la kampuni. Msichana wa mauzo, Pimlada, aliunganisha viganja kumsalimu, akamletea maji baridi, wakatoka nje wote wawili kutazama.

"Mjomba, mimi naona sawa kabisa."

"Sitaki wapake upya," Bunloet alisema, akitazama viatu vyake. "Wala sitaki gari lingine. Nataka jibu moja tu. Huu mlango ulipakwa rangi pamoja na bodi, au ulipakwa peke yake siku nyingine?"

"Hilo sisi hatulijui, mjomba. Inabidi upige huduma kwa wateja."

Akapiga. Simu ilimwimbia muziki wa filimbi dakika ishirini na tano, kila baada ya dakika moja sauti ikimwambia yeye ni mtu muhimu. Alipopokelewa, kijana wa upande wa pili alikuwa mpole mno.

"Tunasikitika sana kwa usumbufu ulioupata, mheshimiwa. Naomba unieleze tatizo."

Bunloet alieleza. Hakuzoea simu, maneno yalimtoka kwa vipande.

"Tunasikitika sana, mheshimiwa. Kwa hiyo mlango haufungi?"

"Unafunga vizuri."

"Haupigi kelele?"

"Hapana. Ni rangi. Nataka kujua ulipakwa lini."

"Taarifa za kiwandani ni siri ya kampuni, mheshimiwa. Je, kuna jambo lingine ninaloweza kukusaidia leo?"

Alipiga tena wiki iliyofuata, akapata kijana mwingine na masikitiko yaleyale. Mara ya tatu walimtumia mwavuli wenye nembo ya kampuni. Mara ya tano ikaja chupa ya chai. Amphai aliipenda ile chupa.

"Endelea kupiga," alisema. "Labda watatuletea friji."

Hatimaye walimtuma mkaguzi kutoka Bangkok, bwana mmoja mwembamba aliyevaa shati lililopigwa pasi mpaka likasimama. Alilizunguka gari mara mbili akipiga picha kwa simu: mbele, nyuma, ubavu, kioo, mlango.

"Wewe unaonaje?" Bunloet aliuliza.

"Kwa macho yangu, sawa tu. Lakini mimi si mtu wa rangi, mjomba. Mimi ni mtu wa ripoti. Wataamua makao makuu, ng'ambo."

Akasubiri. Siku arobaini na mbili alisubiri, na huko gereji alianza kuogopa kazi yake mwenyewe. Nyeupe yoyote ikiletwa, alisingizia kwamba kopo limekauka, akamwomba mteja arudi kesho. Kadi za kujaribia rangi zilikuwa tele kwenye droo yake. Angeweza kuchanganya rangi ya lile gari saa yoyote, apulizie kadi, aiweke juu ya bodi, ajue. Hilo alilijua tangu siku ya kwanza. Kila alipoifungua droo, aliifunga. Barua ya kampuni itakuja, alijiambia. Barua itasema.

Barua ikaja. Pimlada ndiye aliyempigia, naye Bunloet akaenda na kofia mkononi.

"Mjomba, kaa kwanza," msichana alisema. Midomo ilikuwa inamcheza. "Na unisamehe nikicheka. Simcheki mtu, nacheka barua."

Akasoma. Makao makuu yalikuwa yamepitia picha zote kwa makini. Katika picha ya nyuma ya gari yalionekana maandishi yaliyobandikwa na mmiliki, nayo yametafsiriwa: *Gari hili ni la kijani.* Kumbukumbu za kiwanda zinaonyesha gari hilo liliuzwa likiwa jeupe la lulu. Kwa kuwa mmiliki mwenyewe ametangaza kwamba amebadili rangi, dhamana ya rangi imekoma kuanzia tarehe ya barua hii, na shauri limefungwa.

Ile stika aliinunua Amphai sokoni siku gari lilipokuja. Alizaliwa Jumanne, na kwa imani ya kwao kila siku ya kuzaliwa ina rangi yake ya nuksi: kwake ni nyeupe, na gari jeupe ndilo lililokuwapo dukani bila kusubiri miezi minne. Nusu ya magari ya Lampang yana stika ya namna hiyo. Jeusi linasema ni la waridi, la buluu linasema ni jekundu, na nuksi inasoma inapita.

"Hawajui?" Bunloet aliuliza.

"Wako ng'ambo, mjomba. Mashine ikawatafsiria, nao wakaamini."

"Lakini picha zinaonyesha jeupe."

"Ndiyo, mjomba."

"Wana macho."

Pimlada akashindwa, akaangua kicheko, akaziba mdomo kwa barua. Bunloet naye alitabasamu kidogo kwa adabu, lakini nje, alipoingia garini, hakuwasha injini. Hasira hakuwa nayo. Alihisi kama mtu aliyekuwa ameegemea ukuta, na ukuta umeondolewa. Hakuna tena wa kumjibu. Imebaki ile droo.

Hakwenda nyumbani. Alikwenda moja kwa moja gereji, akaliegesha gari uani mahali penye mwanga safi, akajifungia kwenye nyumba ya rangi. Aliweka kopo juu ya mizani. Nyeupe. Lulu. Tone la manjano, tone dogo la nyeusi. Akakoroga, akapulizia kadi, akaikausha, akatoka nayo hadi kwenye fenda ya mbele. Kadi ikaonekana waziwazi. Manjano mno. Akarudi ndani. Ya pili ilikuwa kavu kama chokaa. Ya tatu ilikaribia, ikakataa. Ya nne vilevile. Ya tano ilizidi nyeusi, akaitupa bila kutoka nje.

Ya sita aliitazama kwa muda mrefu, kisha akaogopa kuiamini. Akamwita mwenye gereji.

Dada Ngek alikuja akijipepea na daftari, miwani imening'inia kifuani. Miaka sitini na tatu, mguu mmoja unamuuma.

"Nini tena?"

"Geuka, dada. Usitazame mpaka nikuambie."

"Loet, mimi si mtoto." Lakini akageuka.

Bunloet alibandika kadi kwenye fenda. "Sasa. Itafute."

Dada Ngek alivaa miwani. Alipitisha macho kwenye fenda, akarudi, akainama mpaka pua ikakaribia bati. "Umenileta hapa juani unitanie? Hujabandika kitu."

Akaupitisha mkono, ukagonga ukingo wa kadi. "Alaa!"

Bunloet aliibandua, akaipeleka nyuma, akaibandika kwenye mlango wa kushoto.

"Hiyo hapo," Dada Ngek alisema papo hapo, bado akiwa mbali. Kisha akasogea. Akaitazama kadi, akautazama mlango, akaenda mbele akaitazama fenda. "We! Huu mlango si wake. Tangu lini?"

"Tangu kiwandani."

"Na wale wa simu?"

"Wanasema gari ni la kijani."

Dada Ngek alicheka mpaka akashika mguu. Bunloet aliegemeza mgongo kwenye gari, akavuta pumzi moja ndefu iliyomfika tumboni. Lakini nafuu hiyo haikukaa. Mwenye gereji alikuwa amechungulia nyumba ya rangi na kuona kadi zilizotupwa sakafuni.

"Zile zote ni za leo?"

"Hii ni ya sita."

"Zamani ilikuwa ya ngapi?"

"Ya pili. Ya tatu, kama ni lulu."

Hawakutazamana. Sasa lile la jicho lilikuwa limesemwa.

"Na ile pikapu ya mwalimu," Bunloet aliongeza.

"Niliiona."

"Najua uliiona."

Kuku wa jirani aliingia uani, akapita chini ya gari, akatokea upande wa pili. Dada Ngek alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya blauzi. "Sita ni sita," alisema. "Imefika, haikufika?"

"Imefika. Lakini mwakani itakuwa ya ngapi?" Bunloet alizikusanya zile kadi mbovu, akazipanga kiganjani. "Dada, naomba ruhusa ya kesho. Nataka kwenda kwa daktari wa macho, hospitali ya mkoa."

"Utakwenda na nini?"

"Na gari."

"Na mlango huo?"

"Hivyohivyo. Nikirudi ndipo nitajua kama niupake mwenyewe."

Akaingia ndani kuosha kopo.