Tone la Mafuta Juu ya Prosesa

Atukuzwe Mungu, maana kompyuta tuliyoiunda na binti yangu Neema inafanya kazi, na vijana wa kambi yetu ya Nakivale wanacheza mchezo wa mpira ndani yake kila jioni.

Pesa ya mavuno haikutosha kila kitu. Kule dukani Mbarara Neema alitamani sanduku la kompyuta lenye taa. Nikamwambia, "Mwanangu, sanduku nitalichonga kwa mbao. Tununue kadi nzuri ya picha, mchezo usikwamekwame." Muuzaji alicheka, lakini ndivyo tulivyofanya.

Siku ya kuunganisha, mchungaji wetu na wazee wa kanisa walikuja kushuhudia. Neema alipaka dawa ya kijivu juu ya prosesa, ule ubongo wa kompyuta, akaniomba nifunge feni juu yake wakati yeye akileta skrini. Mimi niliona uchafu. Nikaufuta kwa leso, nikadondosha tone la mafuta ya upako, kama tunavyofanya kwa nyumba mpya na baiskeli mpya, kisha nikafunga feni.

Tukawasha. Mpira ukaanza, picha safi kabisa, tukashangilia! Mara ikazimika. Tukawasha tena, ikazimika. Nikasimama, nikamkemea pepo wa giza kwa sauti kuu.

"Papa, ngoja kwanza," alisema Neema. Akafungua feni. "Imepata moto sana. Ile dawa ya kupoza joto iko wapi?"

"Dawa? Nilifuta uchafu tu."

Akagusa prosesa, akanusa mafuta kwenye kidole chake, akanitazama. Mchungaji alicheka mpaka akakaa chini.

"Mzee, kumbe huyo pepo unayemkemea umempaka mafuta wewe mwenyewe!"

Neema akafuta mafuta, akapaka dawa upya, na kompyuta haikuzimika tena.

Wewe unayesoma, Bwana akupe watoto watakaokusahihisha kwa upole, na aithibitishe kazi ya mikono yako.