Harage la Nane

Punje ya harage ikigonga ndani ya kibuyu kikavu hutoa mlio mdogo, mkavu, kama jino linalogongana na jino. Nimeishi Goma, katika mtaa wa Mabanga, kwa miaka arobaini na mmoja, kati ya ngurumo za pikipiki na kelele za wachuuzi wanaopanda na kushuka kutoka soko la Birere, na bado mlio huo naweza kuutofautisha na mingine yote. Ninapochambua maharage juu ya ungo, na moja likaruka likagonga ukingo wa sufuria, mkono wangu husimama wenyewe. Wajukuu wangu hudhani nimesikia risasi. Siwalaumu, katika mji huu hilo ndilo jambo la kwanza linalomjia mtu akilini. Lakini mimi huwa nimekwisha kurudi katika milima ya Masisi, nikiwa na umri wa miaka kumi na miwili na miezi minne, katika Kwaresima moja ya mvua nyingi, jikoni kwa mama mmoja aliyeitwa Feza.

Parokia yetu ilikuwa na padri mmoja na milima mingi. Makanisa madogo ya mbali aliyafikia mara mbili kwa mwaka, na miezi iliyobaki alituma vijana: waende kwa miguu, wafundishe nyimbo, waongoze sala ya Jumapili, wasomee watu Neno, kisha warudi na majina ya wanaojiandaa kubatizwa. Kiongozi wetu alikuwa kijana wa miaka ishirini, Deogratiasi, ambaye sote tulimwita yaya Deo, kama ilivyo desturi ya kwetu kumwita hivyo aliyetutangulia kuzaliwa. Alikuwa na sheria moja: hakuna anayesafiri mikono mitupu. Kaka yangu Bahati alibeba ngoma. Wengine walibeba sufuria na viazi. Mimi nilibeba kitabu cha masomo, kwa kuwa nilikuwa msomaji, na watu wazima walisema hawajapata kusikia mtoto anayesoma kama mimi, bila kukwama, macho yakitazama mbele. Macho yalitazama mbele kwa sababu kwenye ukurasa hayakuwa na kazi. Sikujua kusoma. Nilikaa shuleni miezi minne, nikajifunza kukaa wima na kufungua kitabu, kisha baba akanitoa nikalishe ndama. Kila Alhamisi rafiki yangu Sifa alinisomea kisimani somo la Jumapili inayofuata, mara tatu, nami nilimchotea maji yake. Mara tatu zilinitosha. Baba aliniruhusu kutembea na vijana kwa sababu tu watu walinisifu kuwa msomaji. Msomaji akivuliwa kitabu, binti angerudi kwa ndama. Wahenga walisema, mficha uchi hazai. Mimi niliuficha wangu kwa kitabu kitakatifu.

Tuliondoka Ijumaa, siku tano baada ya Jumapili ya pili ya Kwaresima, saa kumi na mbili asubuhi, tukiwa tisa. Tulikuwa tukienda kwenye kilima cha mwisho kabisa cha parokia, ambacho tulikiita Ng'ambo kwa sababu ya mto uliokitenga na kwetu. Kichwani nilikuwa nimelihifadhi somo la Jumapili ya tatu: watu wenye kiu jangwani, na maji yanayotoka mwambani. Lakini sisi tulikuta maji mengi kuliko haja. Mto ulikuwa umelizoa daraja la magogo, ukiwa na rangi ya chai ya maziwa, ukibingirisha mawe kwa sauti ya radi iliyo chini ya ardhi. Wafugaji wa ukingoni walitupokea, wakatupa maziwa na jibini, na hapo yaya Deo akashikwa na homa. Alilala siku nne akitetemeka, akiita majina ya watu ambao hawakuwapo. Jumapili ya tatu ikapita juu yetu tukiwa tumeinama kando ya kitanda chake. Jumatatu sita kati yetu walirudi nyumbani, Sifa akiwa miongoni mwao. Jumatano mto ulipungua, tukavuka watatu: yaya Deo aliyedhoofu, Bahati na ngoma yake kichwani, na mimi na kitabu kifuani, nikijua jambo moja ambalo wenzangu hawakulijua. Jumapili tutakayoikuta Ng'ambo itakuwa ya nne. Somo lake sikulisikia kamwe, na wa kunisomea alikuwa amerudi.

Kwa mwendo wa mgonjwa, tulifika Jumamosi saa nane mchana. Mama Feza, mjane aliyetunza kanisa la Ng'ambo, alitupokea kwa maji ya moto na kwa matusi ya upendo. "Batoto gani hawa wakonde hivi? Parokia imewatuma kusali ao kuzikwa?" Bahati akamjibu kwamba yeye ametumwa kula. Mama Feza akacheka, akaninyooshea ungo wa maharage nichambue. Juu ya meko, kwenye uzi, kilining'inia kibuyu kidogo cheusi kwa moshi. Nilipouliza ni cha nini, alijinyoosha kwa fahari kama mtu aliyeulizwa habari za ukoo wake. Ng'ambo hapakuwa na kalenda. Jumatano ya Majivu aliweka humo maharage saba mekundu mbele ya watu wote. Kila Jumapili asubuhi alitoa moja, nalo likapikwa katika chungu cha siku hiyo. Likitoka la saba, ni Pasaka. "Mugeni anaweza kudanganya," alisema, "mvua inaweza kudanganya. Kibuyu, hapana." Kisha akatoka kutafuta kuni kavu, akaniacha na ungo mapajani.

Sikupanga. Nasema hivyo bila kujitetea. Nimejiuliza swali hilo kwa miaka mingi na jibu ni lile lile. Nilijua kwamba ndani ya kibuyu yalikuwa yamebaki manne. Nilijua kwamba yakiwa matano, kesho itakuwa Jumapili ya tatu, na Jumapili ya tatu niliijua yote, neno kwa neno. Moshi uliniwasha macho. Mkononi nilikuwa na harage jekundu, zuri, lisilotobolewa na mdudu. Nilisimama juu ya kigoda, nikalitumbukiza. Likagonga. Niliposhuka, niliona kwamba Bahati, aliyekuwa nje akikaza ngozi ya ngoma, lazima ameusikia mlio ule.

Asubuhi watu walikuwa wamejaa, wengine wametembea tangu gizani, wanawake wakiwa na vikwembe vyao, vitenge vya sikukuu, vilivyolowa hadi magotini. Mama Feza akamimina kibuyu kwenye kiganja chake, akahesabu kwa sauti. Matano. Nilimwona akisita, akahesabu tena, midomo ikitembea. Kisha akanyanyua kichwa.

"Leo iko siku ya Mungu ya tatu."

"Mama, ni ya nne," yaya Deo akasema polepole. "Ya tatu tuliipitisha kule mtoni."

"Weye ulikuwa na homa. Mutu wa homa anahesabu nini?"

Watu wakacheka. Yaya Deo akamgeukia kaka yangu. "Bahati, wewe unasemaje?"

"Mimi nahesabu chakula tu, yaya. Na milo ya safari hii haikufika saba."

Wakacheka tena, kwa nguvu zaidi. Yaya Deo akanitazama mimi. Sikuwa na homa, na sikuwa mtu wa mzaha. Nilifungua mdomo na kusema, "Nafikiri mama anasema kweli." Nikaona jambo ambalo sikulitarajia: alianza kujishuku. Alipitisha mkono usoni, kama mtu anayejaribu kukumbuka ndoto, akafungua kitabu kwenye Jumapili ya tatu, akanipa. Nilisoma. Sijawahi kusoma vile kabla ya hapo. Sauti yangu ilipanda hadi kwenye nyasi za paa, watu wenye kiu wakanywa, na mama mmoja mstari wa mbele alilia. Niliporudi kukaa nilijiona mrefu.

Urefu huo haukumaliza hata saa mbili. Baada ya ibada yaya Deo aliandika majina ya vijana watakaobatizwa parokiani usiku wa Pasaka. Walikuwa saba. Wa mwisho, kijana wa miaka kumi na sita aliyeitwa Anselmi, alikuja na shati jeupe limekunjwa ndani ya jani la mgomba, ili lisishike moshi. Alikuwa amesubiri miaka mitatu. Mara ya kwanza mto ulimzuia. Mara ya pili alimzika baba yake Juma Takatifu. Akanionyesha shati kwa sababu nilikuwa msomaji, na msomaji kwake alikuwa mtu mkubwa.

"Mutaondoka lini?" nikamuuliza.

"Harage likibaki moja, siku mbili baadaye tunashuka. Mwaka huu hakuna cha kunizuia, dada. Hata mto nitaunywa."

Nilihesabu. Nilikuwa stadi wa kuhesabu siku. Harage lingebaki moja Pasaka yenyewe, siyo juma moja kabla yake. Wangeshuka Jumanne, wangefika parokiani Alhamisi na mashati yao meupe, wakute maji ya ubatizo yamekauka, kengele zimekwisha kulia, na padri akiwaambia warudi mwaka ujao. Njia ya mwongo ni fupi, lakini sikujua kwamba wengine ndio wangeitembea hadi mwisho. Chungu kilikuwa jikoni, maharage yakitokota, na lile la siku hiyo ndani yake. Watu walikuwa wameketi nje wakingoja chakula. Niliona miguu yangu ikienda.

"Mama," nikasema, "harage moja kibuyuni ni langu."

Hakunielewa. Nikarudia, kwa sauti ambayo nje waliisikia, kwa maana maongezi yalikatika. Mama Feza alifuta mikono kwenye kikwembe, taratibu sana.

"Ulitia?"

"Nilitia, mama. Jana."

"Juu ya nini? Sababu gani?"

"Leo ni ya nne. Somo la nne silijui. Sijui kusoma."

Yaya Deo alikuwa amesimama mlangoni. Hakunikaripia. Alifungua kitabu kwenye ukurasa wa Jumapili ya nne, akakiweka mikononi mwangu, akasema, "Soma." Nilitazama weusi ule. Ulikuwa kama siafu wanaovuka njia. Hakuna aliyecheka, hata Bahati, na hilo ndilo lililoniumiza kuliko yote. Mama Feza alikishusha kibuyu. Nilidhani atanipiga nacho. Alinivuta mkono hadi nje mbele ya watu wote, akakimimina kiganjani mwangu: manne.

"Toa lako."

"Yote yanafanana, mama."

"Basi toa lolote, na useme kwa watu leo iko siku gani."

Nikatoa moja, nikasema. Mama Feza akayarudisha matatu kibuyuni. "Mutoto wa kichwa kikubwa," akasema. "Umenifanya mimi muongo mbele ya batu bangu. Sasa kaa chini ukule."

Nilivuliwa kitabu. Njia ya kurudi nilibeba sufuria, na baba, alipoelezwa, alisema neno moja tu, "Ndama." Sikutembea tena na vijana wa parokia. Lakini usiku wa Pasaka nilisimama nyuma kabisa ya kanisa, nikaona vijana saba wa Ng'ambo wakiingia na mashati meupe, na wa mwisho alikuwa Anselmi. Miaka saba baadaye alinioa, tukahamia Goma. Katika ndoa yetu ya miaka thelathini na minne alinitania mara nyingi kwamba mimi ndiye mwanamke pekee aliyejaribu kumwibia Pasaka. Alitaka kunifundisha kusoma. Kiburi changu kilikataa mwalimu wa mezani kwangu. Nilianza darasa nikiwa na miaka thelathini na saba, katika ukumbi wa parokia hapa Mabanga, Jumatatu na Alhamisi saa nane mchana, nikiwa mkubwa kuliko mwalimu. Ukurasa wa kwanza nilioutafuta kwa vidole vyangu ulikuwa wa ile Jumapili ya nne. Unaeleza jinsi watoto wote wa nyumba moja walivyoitwa mbele ya nabii, isipokuwa mmoja, mdogo, aliyekuwa malishoni. Nilifunga kitabu, nikaenda kupika. Anselmi aliniuliza kwa nini chumvi imezidi.

Yeye alifariki miaka saba iliyopita, Jumanne ya pili ya Majilio, saa tisa na robo alasiri. Siku hizi vijana wa parokia yetu hawawezi kufika milimani. Vita vimefunga njia kuliko mto ulivyowahi kufanya. Wana simu, nasi hatukuwa na kitu kama hicho, lakini sisi tulikuwa na njia. Hurekodi masomo kwa sauti na kuyatuma, na mtandao ukipatikana kwenye kilima fulani, watu huketi kuizunguka simu moja na kusikiliza. Kwaresima hii waliniomba nisome mimi, kwa kuwa mashemeji zangu wangali Ng'ambo na wanaijua sauti yangu. Jumamosi iliyopita kijana mmoja alinisogezea simu, akasema, "Mama, soma tu moja kwa moja, tarehe haina lazima." Nikamwambia asubiri. Ujumbe unaweza kuchelewa siku nne, au juma zima, na huko ng'ambo ya mtandao mtu anaweza kuamini yupo mahali asipokuwapo. Nikavaa miwani, nikaweka kidole chini ya neno la kwanza, nikataja siku, tarehe na mwezi. Kisha nikasema: "Wapendwa wa Ng'ambo, hii ni Jumapili ya nne. Mkishatoa la leo, kibuyuni yabaki matatu." Ndipo nikasoma.