Mama Pancha Ashangilia Mafua

Saa moja asubuhi, Mama Pancha anapindua karai lake na kulisugua kingo kwa brashi kama anayebandua ukoko wa sufuria. Humo ndimo anamozamisha tyubu za matairi kutafuta zinapotoa povu.

"Leo mteja ni karai?" dereva wa teksi aliyeleta tairi anamtania.

"Subiri, shemeji. Mbu wa dengi hutaga ukingoni. Ukimwaga maji tu, mayai yanabaki hapo yakikucheka."

Fundi huyu hakuwa hivi zamani. Mvua za mwaka jana dengi ilimlaza hoi, viungo vikimuuma kama vimefunguliwa kwa spana. Alipopona, alijipiga kifua kwamba homa ile hairudi tena. Maji yakalala karaini siku nenda siku rudi. Matairi ya nje nayo yakajaa mvua.

Kumbe alijidanganya. Muuguzi mmoja, alipoleta baiskeli yake kuzibwa pancha, alimweleza kuwa virusi vya dengi viko vya aina nne. Mwili huikumbuka aina iliyokuuguza na kuizuia. Ikija aina nyingine, kinga ile ya kwanza yaweza kuishika vibaya, hata ikaisaidia kuingia, na ugonjwa ukawa mkali zaidi.

"Nikamwambia, dada, hapo nimekuelewa," anasimulia. "Kiraka cha tundu hili ukikibandika kwenye tundu lile, utadhani pamezibika. Ukifika njiani, upepo wote huo nje!"

Ndiyo maana wiki iliyopita homa ilipompanda, alinyong'onyea. Mumewe, fundi cherehani ambaye huongea hata na sindano, alimpeleka kupima.

Mtaalamu wa maabara akatoka akitabasamu. "Mama, virusi vya dengi hakuna. Damu yako ina kumbukumbu ya ile ya zamani tu. Haya ni mafua."

"Mafua!" Mama Pancha akapiga kigelegele, akakohoa katikati, akakimalizia. Benchi zima la wagonjwa likaangua kicheko.

"Sijaona mtu anayeshangilia kamasi," mumewe akasema, huku akijifuta machozi kwa tepu yake ya kupimia.

Sasa Mama Pancha anataka kuezeka kibanda, matairi yote yalale pakavu. Mabati chakavu ameshayapata, na mumewe ameahidi kusaidia.

"Ashike ngazi tu," anasema akipenga kamasi. "Misumari nitapiga mwenyewe. Akishona paa yeye, tutalowa sote, na mbu watafanya harusi."