Mama Anauliza Chumvi

Dada yangu alipoondoka mjini kwetu Rumonge, kando ya ziwa, kwenda kufanya kazi Omani, aliniachia kompyuta yake. Ndani ya Windows yake mlikuwa na folda ya rekodi: alikuwa akijizoeza kusoma habari, kwa sababu alitaka kuwa mtangazaji wa redio. Katika rekodi ya mwisho anasoma bei za mawese, halafu mama anamkatiza kutoka jikoni: "Weye, chumvi iko wapi?" Dada anasonya, rekodi inakatika. Mama alifariki mwaka uliofuata. Hatuna sauti yake nyingine.

Dada alikuwa ameisahau, nami sikumkumbusha. Niliisikiliza peke yangu, kana kwamba mama alikuwa akiniuliza mimi tu. Najua ni choyo.

Nilitaka kujifunza kuandika programu, na masomo niliyopata mtandaoni yalitaka mfumo wa Linux. Diski ni moja. Ilibidi niipunguze sehemu ya Windows, nipate nafasi ya mfumo wa pili kando yake, bila kugusa kilichokuwamo. Nikampigia dada simu kuomba ruhusa.

"Futa yote, mudogo wangu. Kuna nini humo? Takataka zangu tu."

Nikasema sawa. Nilisoma maelekezo kwa miezi miwili, nikiyanakili daftarini na kuchana ukurasa kila nilipokosea herufi moja. Yote yalisisitiza mambo mawili: nakili vitu vyako kwanza, na umeme usikatike katikati. La kwanza nililifanya mara tatu, kwenye flashi mbili na kadi ya kumbukumbu ya simu. La pili lilikuwa gumu, maana betri ya kompyuta ilishakufa na umeme wa mtaani kwetu hauaminiki. Mjomba wangu huvua ndagala kwa taa za betri, na betri zake hupumzika siku za mwezi mpevu tu, kwa kuwa mbalamwezi ikiwaka samaki hawaifuati taa. Nikangoja mwezi ujae.

"Betri zangu zinavutaga ndagala," mjomba alisema asubuhi ya siku ulipojaa, akiziunganisha nyaya na kompyuta. "Leo zinavuta nini?"

"Hazivuti kitu, mjomba. Zinashikilia tu, kisipotee kitu."

"Basi na weye pumua. Unatisha mashini."

Kazi iliisha adhuhuri. Linux ikawaka, safi na tupu. Nikachomeka flashi ili nimsikilize mama katika mfumo mpya. Haikufunguka. Nikatazama ukubwa: kilobaiti mbili. Flashi ya pili hivyo hivyo. Kadi hivyo hivyo. Mara zote tatu sikunakili folda, nilinakili njia ya mkato iliyokaa kwenye skrini, ile alama inayoonyesha tu folda ilipo. Kila nilipoijaribu kwenye kompyuta ile ile ilifunguka, kwa sababu ilinirudisha kwenye diski. Daftari zima, na hilo sikuliona.

Nikazima, nikawasha tena. Orodha ikatokea: Linux juu, Windows chini. Nikachagua Windows. Badala ya kufunguka, ikaanza kukagua diski, maneno ya Kifaransa na asilimia zikipanda moja moja. Nikaikalia mikono yangu nisiguse kitu.

Mjomba aliacha nyavu zake akaja kukaa karibu. "Kulikuwa na nini humo?"

Nikamwambia. Mama alikuwa dada yake wa pekee. Akatazama zile asilimia kama mimi, ingawa Kifaransa hakijui.

Ikafunguka. Folda ilikuwepo. Bei za mawese, kisha mama, chumvi, msonyo, kimya.

"Rudisha," mjomba alisema. Nikarudisha mara nne. Kisha akauliza, akiangalia pembeni, "Dada yako amesikia hii?"

Nilinakili folda yenyewe, nikaifungua kwenye simu kuhakikisha, ndipo nikaituma Omani. Jibu lilikuja jioni, la sauti, na sauti yenyewe ilikuwa ndogo. "Nilimukatiza. Sikumujibu hata."

Niliandika jibu, nikafuta, nikaandika, nikafuta. Nililotuma mwishowe lilikuwa fupi: mimi ndiye niliyempelekea chumvi siku ile.

Sikumbuki kama ni kweli.